Simu, kompyuta na kamera zinapokosea tarehe: jinsi ya kuzirekebisha ukiwa Goma, Bukavu au Lubumbashi

Simu imeanza kukataa kurasa za intaneti. WhatsApp inadai toleo lako limepitwa na wakati ingawa ulilisasisha juzi. Kamera ya dukani haina hata picha moja ya jana. Kabla ya kubeba kifaa kwa fundi, angalia tarehe yake. Matatizo mengi ya namna hii hutoka kwenye saa ya ndani, na karibu yote hurekebishwa nyumbani. Kuna utaratibu mmoja tu wa kuheshimu unapoweka kwa mkono, nao ndio unaokosewa zaidi huku kwetu mashariki: ukanda wa saa kwanza, kisha tarehe, saa na dakika mwisho.

Kifaa hakihifadhi saa kama unavyoiona kwenye kioo. Ndani yake kuna hesabu moja inayofuata saa ya dunia, yaani UTC, na pembeni kuna ukanda unaosema iongezwe saa ngapi. Congo ina kanda mbili. Kinshasa na magharibi yote wako UTC+1. Kivu zote mbili, Maniema, Kasai, Katanga ya zamani na iliyokuwa Orientale wako UTC+2. Simu iliyowekwa kwenye ukanda wa Kinshasa itaonyesha 09:00 wakati Goma ni 10:00. Mwenye simu akiona hivyo anazima mpangilio wa otomatiki na kusogeza saa mbele kwa mkono. Kioo sasa kinasema 10:00, lakini hesabu ya ndani imepotoka kwa saa nzima, na kuanzia hapo kila kitu kinachotegemea hesabu hiyo kinaharibika kimyakimya.

Simu iliyo nyuma kwa saa moja

Kuna dalili inayoonekana wazi. Mtu akutumie ujumbe wa WhatsApp sasa hivi. Kama saa ya juu ya kioo inasema 10:00 na ujumbe umeandikwa 09:00, simu yako iko kwenye ukanda wa Kinshasa na saa ilisogezwa kwa mkono. Dalili nyingine ni zile namba za siri za tarakimu 6 za Google Authenticator na programu za namna hiyo. Namba hizo hutengenezwa kutokana na hesabu ya ndani na kubadilika kila sekunde 30. Simu iliyopotoka kwa saa nzima itatoa namba zinazokataliwa kila mara, na baada ya majaribio kadhaa akaunti inaweza kufungwa.

Tengeneza hivi. Kwenye Tecno, Infinix na itel nyingi, fungua «Paramètres», kisha «Système», kisha «Date et heure». Kwenye Samsung pitia «Gestion globale». Kwenye Xiaomi pitia «Paramètres supplémentaires». Washa kwanza tarehe na saa ya otomatiki ili hesabu ya ndani irudi sawa. Halafu zima ukanda wa otomatiki peke yake, chagua nchi Congo-Kinshasa, na kati ya miji miwili inayotokea chagua Lubumbashi, GMT+02:00 (simu huandika GMT badala ya UTC). Goma na Bukavu hazimo kwenye orodha, usizitafute. Usiguse tena saa wala dakika. Kwenye iPhone njia ni «Réglages», «Général», «Date et heure»: iruhusu kwanza ijirekebishe yenyewe, halafu zima mpangilio wa otomatiki na uandike Lubumbashi kwenye sehemu ya ukanda.

Kwa nini tusiuachie mtandao kazi ya ukanda? Kwa sababu mtandao mmoja unahudumia nchi yenye kanda mbili, na simu nyingine zikishajua tu kwamba ziko Congo huchagua Kinshasa. Mpaka nao una neno lake. Ukikaa Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, simu ikadaka mtandao wa Rwanda, hakuna madhara, maana Kigali ni UTC+2 kama Goma. Bujumbura na Zambia ni vilevile, kwa hiyo wa Uvira na wa Kasumbalesa wako salama. Uganda na Tanzania ni UTC+3. Mfanyabiashara anayepitia Bunagana au Kasindi ataona simu inaruka mbele kwa saa moja, na ikiwa alarmu ya safari iliwekwa kwa saa ya kwetu, italia mapema. Hilo si kosa la kifaa, ila lijue kabla.

Kalenda huathirika kwa namna yake. Siku ya kuzaliwa, kwa mfano, kwenye programu nyingine huhifadhiwa kama usiku wa manane wa ukanda fulani. Likiandikwa Lubumbashi na kusomwa kwenye simu ya Kinshasa, saa 00:00 inakuwa 23:00 ya siku iliyotangulia, na sherehe inaonekana imesogea siku moja. Dawa ni kuliandika kama tukio la siku nzima lisilo na saa. Kwa mikutano ya mtandaoni andika mji pamoja na saa: «10:00 Kinshasa, 11:00 Goma».

Ikiwa tarehe iliruka mbele, tuseme mtoto alichezea simu akaiweka mwaka ujao, WhatsApp itasema toleo limeisha muda na kukutaka usasishe. Usiifute programu. Ukiifuta bila kuhifadhi nakala, mazungumzo yanapotea. Rudisha tarehe, zima simu, washa, fungua tena.

Tarehe ya ajabu inakuambia kilichotokea

Kifaa kilichosahau tarehe hakirudi mahali popote tu. Hurudi kwenye sifuri yake, na kila familia ya mashine ina sifuri yake. Ukiona 1 Januari 1970, mara nyingi saa 02:00 kwa kuwa tuko UTC+2, hiyo ni sifuri ya mifumo ya Unix, ambayo Android, iPhone na ruta nyingi zimeirithi. 1 Januari 1980 ni sifuri ya DOS na ya kadi za kumbukumbu za FAT. 6 Januari 1980 ni sifuri ya GPS. 1 Januari 2000 hupendwa na mashine za kamera za ulinzi na redio za magari. Kompyuta za mezani hurudi kwenye mwaka bodi yake ilipotengenezewa programu, ndiyo maana moja itasema 2009 na nyingine 2015.

Tarehe ya sifuri maana yake kifaa kilikosa umeme kabisa, pamoja na betri yake ndogo. Tarehe iliyokosea kwa saa kamili moja, mbili au sita maana yake ni ukanda. Tarehe sahihi lakini dakika zimeteleza maana yake saa ya ndani ni dhaifu na haijalinganishwa na mtandao kwa muda mrefu. Ukitofautisha hizi tatu umemaliza nusu ya kazi.

Kompyuta inayosahau tarehe kila umeme ukikatika

Kwenye bodi kuu ya kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo mfano wa sarafu, CR2032, ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme, betri hiyo karibu haitumiki. Ikichomolewa, au umeme wa mtaa ukikatika, betri ndiyo inayoendesha saa. Kwa hiyo katika miji yetu, ambako watu huzima soketi zote usiku kuogopa umeme kurudi kwa nguvu, betri hii huisha mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Mwanzo wa ugonjwa ni tarehe kupotea asubuhi. Baadaye mashine inasimama kwenye kioo cheusi ikilalamika juu ya CMOS, kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya bodi, na kukutaka ubonyeze F1.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi:

1. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi.
2. Piga picha ya betri ilivyokaa. Upande wenye alama ya + hutazama juu kwenye bodi karibu zote.
3. Sukuma kibanio kidogo cha pembeni. Betri itaruka yenyewe.
4. Ipime kwa multimeta kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Mpya husoma kati ya 3,0 na 3,3. Ikiwa chini ya 2,8, itupe.
5. Weka CR2032 mpya. CR2025 na CR2016 zina volti zilezile lakini ni nyembamba, na mguso wake hulegea. LIR2032 ni ya kuchajiwa na volti zake ni kubwa zaidi, usiiweke.
6. Washa, ingia kwenye BIOS, programu ya bodi inayotangulia Windows (F2, F10 au Delete kutegemea mtengenezaji), weka tarehe na saa, hifadhi.

Kabla ya kutoka BIOS angalia pia jinsi diski inavyosomwa. Betri ilipokufa mipangilio yote ilirudi ya kiwandani, na kama Windows ilisakinishwa diski ikiwa kwenye AHCI na sasa BIOS imerudi RAID au IDE, utapata kioo cha buluu. Watu wengi wamefuta Windows nzima kwa sababu hiyo tu, kumbe ilikuwa neno moja la kurudisha. Kwa laptopu, betri ndogo mara nyingi imefungwa kwenye plastiki na ina waya mbili. Nunua yenye kiunganishi kilekile. Laptopu nyingine mpya hazina kabisa, saa yake hutegemea betri kubwa.

Sokoni, Birere ya Goma au Kadutu ya Bukavu, betri za sarafu hupatikana kwa mafundi wa saa. Nenda na multimeta au mwombe muuzaji aipime mbele yako, kwa maana zilizokaa miaka kwenye jua husoma 2,7 zikiwa bado na karatasi yake.

Sasa Windows. Hapa kuna mtego ambao hata mafundi huwashinda. Unaunganisha intaneti, unabonyeza «Synchroniser maintenant» kwenye «Heure et langue», inakataa. Sababu ni kwamba Windows ya nyumbani, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali kusahihisha saa ikiwa tofauti inazidi saa 15, yaani sekunde 54 000. Mashine iliyorudi 2009 iko mbali mno. Weka kwanza kwa mkono tarehe ya leo na saa ya kukadiria, kisha bonyeza tena. Safari hii itakubali. Ikigoma bado, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `net start w32time`, halafu `w32tm /resync`.

Kwenye orodha ya kanda za Windows hutaona Lubumbashi. Chagua «(UTC+02:00) Harare, Pretoria». Kuna kanda nyingine zilizoandikwa +02:00, na hapo ndipo watu wanapoteleza: Athens, Jerusalem na Cairo hubadilisha saa katikati ya mwaka. Misri ilirudisha saa ya kiangazi mwaka 2023, kwa hiyo anayechagua Cairo atakuwa sawa hadi mwisho wa Aprili, halafu kompyuta inaruka mbele saa moja bila kuguswa na mtu, mpaka mwisho wa Oktoba. Sisi hatuna saa ya kiangazi. Popote utakapoona «heure d'été», izime. Kompyuta zilizopitia Dubai huja na UTC+04:00, saa mbili mbele yetu. Za China huja na UTC+08:00, saa sita mbele.

Ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine moja, utaona tofauti ya saa 2 kila ukihama. Windows huandika saa ya mtaa kwenye bodi, Linux huandika UTC. Kwenye Linux amri `timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha.

Kurasa zinazokataa kufunguka

Kila tovuti ya https ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kifaa chako. Kifaa kikidhani ni 2015, cheti cha leo bado hakijazaliwa, na kivinjari kinagoma kwa kuandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kukosea kwa saa moja kwa kawaida hakuleti shida hii, kwa sababu vyeti hudumu wiki na miezi. Kukosea kwa mwaka kunaileta kwenye karibu kila tovuti. Usibonyeze «endelea hivyohivyo» kwenye ukurasa wa benki au wa barua pepe. Rekebisha tarehe. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money za kupiga nyota na reli hazitegemei tarehe ya simu, kwa hiyo unaweza kununua data kwa njia hiyo wakati programu zimegoma.

Ikiwa tarehe ni sahihi na baadhi tu ya tovuti zinagoma, angalia umri wa simu. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure. Mzizi wa zamani (cheti kikuu) uliovidhamini uliisha muda 30 Septemba 2021, na daraja lililowekwa kwa ajili ya simu kongwe liliisha 30 Septemba 2024. Android iliyo chini ya 7.1.1 haiujui mzizi mpya, ISRG Root X1. Njia rahisi ni kutumia Firefox, ambayo hubeba orodha yake ya mizizi na haitegemei ya simu. Tafuta toleo ambalo simu yako bado inalikubali. Njia ya pili ni kupakua cheti cha ISRG Root X1 kutoka tovuti ya Let's Encrypt yenyewe kwa kutumia kompyuta nzuri, kukihamishia kwenye simu, na kukisakinisha kupitia sehemu ya usalama. Simu itadai uweke namba ya kufunga kioo kwanza. Usikubali cheti kilichotumwa na mtu kwenye kikundi: anayekupa mzizi wa uongo anaweza kusoma kila unachoandika.

Kamera za ulinzi: usirekebishe tarehe kabla ya kutoa picha

Hapa ndipo tarehe mbovu inaumiza kweli, kwa sababu unaihitaji siku ya wizi. Mashine za kurekodi zinazouzwa kwetu mara nyingi zinatoka kiwandani zikiwa GMT+08:00, na betri yake ndogo ikifa zinarudi 1 Januari 2000 au 1970 kila umeme ukikatika. Mwenye duka anafungua kalenda ya jana, anaona tupu, anadhani mashine haikurekodi. Imerekodi, ila imeandika tarehe nyingine.

Usiharakishe kurekebisha tarehe. Kwanza shika simu yenye saa sahihi kando ya kioo cha mashine, na kwa simu nyingine piga picha inayoonyesha saa zote mbili. Tuseme simu inasema 14/03/2026, 09:50, na mashine inasema 01/01/2000, 03:20. Ikiwa mashine huanza 00:00 kila ikiwashwa, basi umeme ulirudi saa 3 na dakika 20 zilizopita, yaani 06:30. Mtu aliyeingia dukani 07:15 utamkuta kwenye 01/01/2000, 00:45.

Hesabu hiyo inafaa tangu umeme uliporudi mara ya mwisho tu. Kabla ya hapo, kila mkato ulianzisha upya 1 Januari 2000, kwa hiyo rekodi za siku kadhaa zimerundikana kwenye saa zilezile za siku ileile. Fungua orodha ya mafaili badala ya kalenda, na uyatofautishe kwa kinachoonekana: mwanga wa mchana, mvua, bidhaa zilizopangwa mbele. Hamisha unachohitaji kwenye kifunguo cha USB, pamoja na ile picha ya saa mbili. Ukienda polisi au kwa wakili, picha hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini video ya mwaka huu imeandikwa 2000.

Ukishahamisha, weka mashine sawa: GMT+02:00, saa ya kiangazi imezimwa, umbo la tarehe siku/mwezi/mwaka, NTP (huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao) imewashwa na seva `pool.ntp.org`, bandari 123, kila dakika 60. Badilisha betri, ndani utakuta CR2032 au CR1220, nyingine zimechomelewa na zinahitaji fundi. Kama duka halina intaneti, linganisha kwa mkono kila mwezi. Kamera zenye anwani yake ya mtandao zina saa yake pia, kwa hiyo ingia kwenye kila moja.

Mita ya umeme inayokataa tokeni

Hii inahusu mita za malipo ya kabla zinazoingizwa tokeni ya tarakimu 20 kwa mfumo wa STS. Kila tokeni hubeba hesabu ya dakika tangu 1 Januari 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ni biti 24, dakika 16 777 216, na ilijaa 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikubadilishiwa ufunguo huona tokeni mpya kuwa kongwe kuliko za zamani, na kuzikataa. Umeme uliokwisha kuingizwa unaendelea kutumika hadi uishe, ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu inaweza kugundua shida leo.

Omba kwa kampuni inayokuuzia umeme tokeni mbili za kubadilisha ufunguo kwa namba ya mita yako. Kabla ya kuziingiza, ingiza tokeni zote za umeme ulizonunua zamani ukazihifadhi. Baada ya ufunguo kubadilika hazitakubaliwa tena. Kisha ingiza ya kwanza, subiri mita ikubali, ingiza ya pili, halafu tokeni ya umeme. Tokeni hizo ni za mita moja tu. Za jirani hazifanyi kazi. Ukinunua mita iliyotumika, hakikisha imebadilishwa kabla ya kulipa.

Excel, dawa na mwaka wa tarakimu mbili

Famasi na maduka mengi huweka tarehe za kuisha kwa dawa kwenye Excel. Kwenye baadhi ya kompyuta Excel husoma miaka ya 00 hadi 29 kuwa 2000 hadi 2029, na ya 30 hadi 99 kuwa 1930 hadi 1999. Kwa kompyuta iliyo kwenye Kifaransa, andika 05/30 kama lilivyo boksi la dawa, na selo itaonyesha «mai-30». Inaonekana sawa, lakini ndani ni 1 Mei 1930. Ukipanga orodha, dawa mpya kabisa inapanda juu kati ya zilizokwisha muda, na mtu anaitoa rafuni. Dawa za namna hiyo zimeshaanza kuingia.

Jaribu sasa: andika 1/1/30 kwenye selo tupu, upe umbo la `jj/mm/aaaa`, uone unapata mwaka gani. Kwa orodha iliyokwisha kuharibika, kwenye safu ya pembeni andika `=SI(ANNEE(A2)<1950;MOIS.DECALER(A2;1200);A2)`; miezi 1200 ni miaka 100. Na kwa kuwa boksi lenye mwezi na mwaka tu kwa kawaida linamaanisha hadi mwisho wa mwezi, ifunge na `FIN.MOIS( … ;0)`. Tangu leo wote wanaoandika waandike mwaka kwa tarakimu nne.

Ukipokea faili kutoka kompyuta ya mpangilio wa Kimarekani, 03/04/2026 itakuwa Machi 4 badala ya Aprili 3, na 15/04/2026 itabaki maandishi tu, imeegemea kushoto. `=ESTNUM(A2)` ikijibu FAUX, hiyo si tarehe. Chagua safu, nenda «Données», «Convertir», na hatua ya tatu chagua «Date» na JMA, yaani siku, mwezi, mwaka.

Magari ya Japani na picha za harusi

Redio yenye ramani kwenye gari lililotoka Japani hupata tarehe kutoka GPS. Setilaiti hizo huhesabu wiki hadi 1024 kisha huanza upya. Ilitokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na itatokea tena Novemba 2038. Redio ambayo programu yake haikuandaliwa huonyesha tarehe iliyo nyuma kwa siku 7168 kamili: 1 Januari 2026 inakuwa 18 Mei 2006. Utaitambua kwa jambo moja, siku ya wiki ni sahihi, kwa kuwa zote mbili ni Alhamisi. Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda na Acura zilirudi 2002. Kubadilisha betri ya gari hakusaidii. Bila programu mpya ya mtengenezaji, zima saa ya GPS uweke kwa mkono kama redio inaruhusu.

Kamera za picha nyingi zina betri ndogo ya ndani inayochajiwa na ile kubwa. Ukiiacha kamera miezi bila betri, tarehe inapotea. Weka betri iliyojaa uiache ndani siku nzima kabla ya kuweka tarehe. Picha zilizopigwa na kamera mbili zenye saa tofauti hupangwa kwa ExifTool, programu ya kompyuta inayobadilisha tarehe zilizo ndani ya picha. Kuongeza saa moja kwa picha zote za folda ni `exiftool "-AllDates+=1" folda`; kuongeza miaka 5, miezi 2, siku 3 na saa 4 ni `exiftool "-AllDates+=5:2:3 4:0:0" folda`. Fanya kwenye nakala.

29 Februari na 2038

Mwaka mrefu, ule wenye siku 366, umeshagandisha vifaa vingi. Zune ya GB 30, kicheza muziki cha Microsoft, ilikwama 31 Desemba 2008 kwa sababu programu yake haikujua kutoka kwenye siku ya 366. PlayStation 3 za mwanzo zilikataa kufanya kazi 1 Machi 2010 zikidhani mwaka huo una 29 Februari. Dawa ya zote mbili ilikuwa kungoja siku ipite. Kifaa kikigoma 29 Februari 2028, usikifute. Zima, ngoja kesho.

Lililo kubwa zaidi ni 19 Januari 2038. Mifumo ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu 1970 itafika 2 147 483 647 saa 05:14:07 ya Goma, halafu itaruka nyuma hadi Desemba 1901. Simu ya leo itakuwa imeshakufa, lakini mashine ya kamera, inveta ya sola au ruta iliyofungwa ukutani inaweza kuwa bado inafanya kazi. Unaponunua kifaa cha kudumu, jaribu dukani: weka tarehe ya 2039, zima, washa, uone kama imeshika. Jaribio hilo lifanywe kwa kifaa kipya kisicho na kitu ndani. Kwa simu unayoitumia usithubutu: mwaka 2016, iPhone za biti 64 zilizowekwa 1 Januari 1970 na kuzimwa hazikuwaka tena mpaka betri ichomolewe, na tatizo hilo liliondolewa na iOS 9.3.